Kofia Iliyopita Nyusi

Kofia ilipita kipaji cha uso, ikapita nyusi, ikatua juu ya masikio ya Ismail na kuyakunja. Kijana wa watu alisimama katikati ya ukumbi wa mama yake, mikono imemlegea, haoni mbele. Kwa kitambo hakuna aliyecheka. Kisha shangazi yake, Bi. Sichana, aliyekaa mkekani akipeta mchele wa harusi, akaguna, na kile kicheko alichokuwa akikizuia kikamtoka puani. Wenzake nao wakapata ruhusa. Walicheka mpaka mchele ukamwagika.

Mwanapili hakucheka. Alikuwa bado kasimama mbele ya Ismail, mikono iko hewani, palepale ilipoiachia kofia.

"Hebu irudishe nyuma kidogo," alisema.

Ismail aliirudisha. Ikateleza kisogoni na kuning'inia kwenye sikio moja. Kicheko kikaanza upya.

"Vua, mwanangu," alisema mama yake, Bi. Saadiya. Yeye naye hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza Mwanapili kuliko vicheko vyote. Walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta hapa Ng'ambo tangu wote wawili wari, na uso wa Bi. Saadiya ulikuwa ukisema wazi: harusi Ijumaa, leo Jumamosi, na bwana harusi hana kofia.

"Ismail, kichwa chako umekifanya nini?" Mwanapili aliuliza.

"Nimenyoa, Bi. Mwanapili. Jana. Kinyozi kaniambia bwana harusi haendi msikitini na msitu kichwani."

Hapo ndipo mambo yalipomfunukia. Siku aliyompima, Ismail alikuwa na nywele za kuchana juu, nywele za mchezaji mpira wa viwanja vya Amani, ambazo mama yake alizilalamikia asubuhi na jioni. Mwanapili aliuzungusha uzi juu ya nywele zile, akafunga fundo, akaenda zake kukata kitambaa. Ni nani katika mji huu asiyejua kwamba bwana harusi hunyoa kabla ya kuoa? Hata watoto wa chuo cha Kurani wanajua. Mwanapili alijua pia. Lakini miaka ishirini na kitu alishona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo chungu nzima vilivyozungushiwa uzi kimojakimoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupima kichwa cha mtu. Vitambaa vilimfikia kutoka duka la Bwana Anuar, Mji Mkongwe, vimeshapimwa, vimeshakatwa, vimeshachorwa na Mzee Kificho. Kazi yake yeye ilikuwa kuifuata penseli ya mwenziwe kwa sindano, basi.

Hii ndiyo kofia ya kwanza kuichora mwenyewe. Ya kwanza kuombwa, niseme, maana kuchora hakuanza leo wala jana. Mumewe, Khatib, ni fundi wa marumaru, na kila boksi la marumaru lililoingia nyumbani mwao lilifunguliwa, likanyooshwa, likachorwa upande wa ndani. Mwanapili alichora maua ya mapazia, nondo za madirisha, majani ya mpera wa uani. Alikosea, akachora tena. Maboksi mengine yaliwashia jiko, mengine yalijaa chini ya kitanda mpaka Khatib akawa anasema ipo siku watalala darini. Kila alipopata mchoro uliomridhisha alimpelekea Bwana Anuar, na kila mara alirudi nao. Mtu wa kwanza kumwambia "nichoree" ni Bi. Saadiya. Mchoree mwanangu kofia ya kuolea, alisema, uchore unachokitaka wewe.

Basi Mwanapili akavirudisha vitambaa vya Bwana Anuar na kukaa na kofia moja tangu Ramadhani mpaka leo. Akajiapia moyoni kwamba ikikubalika ataendelea kuchora, na ikikataliwa maboksi yote yatakwenda jikoni na hataishika tena penseli. Na sasa kofia yenyewe ilikuwa imefika mkononi mwa Bi. Sichana, anaijaribu kwenye goti lake.

"Bi. Mwanapili," alisema Bi. Sichana, "hii umekusudia kofia au kawa? Maana sinia la biriani linaenea humu."

*

Jioni ileile walikwenda Mji Mkongwe watatu. Bi. Saadiya alimwomba Mwanapili afuatane nao kwa kuwa yeye ndiye anayejua kofia, na alilisema hilo bila ubaya wowote. Mwanapili alikwenda. Angesema nini? Alivuka Darajani nyuma yao, kofia kubwa imo mkobani, anaomba Mungu Bwana Anuar awe ameshafunga duka.

Hakufunga. Alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha kukunja, anapanga vikoi.

"Karibuni, karibuni. Mwanapili, nlidhani umetususa."

"Sijasusa, Bwana Anuar. Nlikuwa na kazi."

"Vitambaa vyako nshampa mwengine. Watu wanataka kofia, mie siwezi kungoja."

Bi. Saadiya alimweleza kisa chote, na kila alipolifikia neno nywele Ismail alitazama nje. Bwana Anuar alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono.

"Hebu niione."

Mwanapili aliitoa. Bwana Anuar aliivisha kwenye ngumi yake, akaizungusha taratibu, akaisogeza penye mwanga. Alikuwa mtu wa kofia tangu kwa baba yake, na Mwanapili, pamoja na aibu yote ile, alijikuta anamtazama usoni akitafuta dalili.

"Mshono hauna neno," alisema. "Mshono wako sijapata kuutilia kosa. Lakini mchoro huu umejaa. Umetia karafuu, umetia nyota, baina ya karafuu na nyota umetia majani, na baina ya majani umetia vitone. Jicho linaingia, halipati pa kukaa. Nlikwambia mwaka jana, na mwaka juzi nlikwambia. Wewe mtu wa sindano, Mwanapili. Penseli mwachie Mzee Kificho."

Hakulisema kwa dharau. Laiti angelisema kwa dharau, Mwanapili angalau angepata pa kumchukia.

Kisha Bwana Anuar akafungua kabati la kioo, akatoa kofia moja kutoka ndani ya mfuko wa plastiki, akaikung'uta na kuiweka juu ya kichwa cha Ismail. Ilikaa. Ilikaa barabara, nyusi ziko nje, masikio yako huru. Bi. Saadiya akashusha pumzi aliyokuwa nayo kifuani tangu asubuhi.

"Sasa hii ndiyo kofia," alisema. "Kaishona nani?"

"Kazi ya hapahapa dukani," alijibu Bwana Anuar.

Mwanapili aliitambua kabla haijatoka yote mfukoni. Mchoro ni wa Mzee Kificho, lakini upande wa nyuma, karibu na kiungo, palikuwa na viua vichache vyeupe zaidi kidogo kuliko vyenziwe, kwa sababu uzi ulimwishia na uzi mpya haukulingana na wa zamani. Kofia ile aliishona yeye, mwaka ambao mwanawe Faiza alimzalia mjukuu wa kwanza. Hata kama angesema, ingebadilisha nini? Mchoro haukuwa wake.

Walipotoka nje Bi. Saadiya alimshika mkono.

"Usinione vibaya, shoga yangu. Watu watakuwa wengi, na wakwe wenyewe ndiyo mara ya kwanza kutuona. Sitaki mwanangu achekwe."

"Sikuoni vibaya."

"Nnajua ulivyohangaika."

"Nipe mpaka Alkhamisi," alisema Mwanapili.

Bi. Saadiya alisimama. "Alkhamisi ufanye nini? Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kofia haishonwi kwa wiki."

"Ile ya dukani iweke kabatini. Sikwambii uirudishe. Alkhamisi baada ya alasiri n'takuletea nyengine, na bwana harusi mwenyewe ataamua. Akichagua ya dukani, sitasema neno, na harusini n'takuja nicheke."

"Mwanapili, utajiua bure."

"Mama, mpe," alisema Ismail. "Kosa la nywele zangu."

*

Khatib alikuwa uani anajisugua saruji kwenye kucha Mwanapili aliporudi. Ni mtu wa maneno machache na magoti mabovu, kwa sababu fundi wa marumaru maisha yake yote yuko chini. Kichwani alivaa kofia yake ya kila siku, ya kushonwa na mashine, ile inayouzwa imerundikwa barabarani. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho.

"Mie nlikwambia," alisema mwisho.

"Ulinambia nini?"

"Nlikwambia kazi ya Bwana Anuar usiiache."

"Hukunambia mtu akipimwa na nywele kofia itakuwa kubwa."

"Hilo sikukwambia, kwa sababu nlidhani wajua."

Mwanapili akacheka bila kutaka, na baada ya kucheka akalia. Khatib aliiacha saruji. Hakujua la kufanya na mkewe akilia, hajajua miaka yote, kwa hiyo akamletea kikombe cha maji na kusimama pembeni.

"Ikate," alisema. "Ipunguze. Marumaru ikiwa kubwa si naikata?"

Wazo hilo Mwanapili alikuwa nalo tangu Darajani. Aliuchukua ukanda, ile sehemu inayozunguka kichwa, akaukunja kwa vidole pale ambapo ungekatwa. Nusu ya nyota ikakutana na nusu ya karafuu. Akakunja kwengine. Jani likakutana na tundu. Mchoro wenyewe ulikuwa umeshikana kila upande, hauna mahali pa kuingiza mkasi. Na juu kule, kwenye kisahani cha kofia, vilevile. Alishika mkasi, akauweka chini, akaushika tena.

"Siikati," alisema. "N'naanza upya."

"Kwa siku hizi zilizobaki?"

"Kwa siku hizi hizi."

"Na kula?"

"Kula utajua mwenyewe."

Khatib alifikiri. "Basi n'najua," alisema, akaenda kuvaa shati kwenda kununua urojo.

*

Asubuhi yake Mwanapili alikwenda kwa Bi. Saadiya, akamkalisha Ismail kwenye kigoda na kumpima kichwa kitupu, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu ya kumtia wasiwasi Ismail mwenyewe. Akarudi, akakata kitambaa kipya cha bafta, akakitandaza juu ya kibao mlangoni penye mwanga. Kisha akakiangalia.

Siku zote alipochora alianza na rula. Aligawa kitambaa, akapiga mistari, akatia nyota moja kila kisanduku, na palipobaki nafasi akatafuta kitu cha kutia. Leo hakuwa na saa za mistari. Kiua kimoja kinataka muda wake, hakiharakishwi, na kila penseli itakapogusa ndipo sindano itakapolazimika kupita. Alijiuliza swali ambalo hakupata kujiuliza siku zote zile: nikiwa na uwezo wa kuchora kitu kimoja tu, nitachora nini?

Akaona kishada cha karafuu. Faiza ameolewa Kizimbani, na Mwanapili akienda kumtazama hukaa kibarazani kwa mwanawe na penseli, karafuu zimeanikwa mbele yake juu ya mikeka, anaokota kishada kimoja kilichosahauliwa kuchambuliwa na kukichora, na kukichora, mpaka Faiza humwambia, "Mama, karafuu nshaielewa." Alivichora vishada hivyo vimesimama, vimelala, vimevunjika, vimekauka. Hata hajui ni maboksi mangapi.

Aliigusisha penseli kitambaani na mkono ukaenda. Hakufuta. Kishada kikatoka kimeinama upande, kama kinavyoinama chenyewe kikiwa na uzito wa karafuu, na mkono uliponyanyuka ukashuka mbele zaidi, mbali na pale ambapo zamani ungeshuka, ukatoa cha pili. Cha pili kiliinama zaidi kidogo. Mwanapili alihisi baridi ya furaha mgongoni, akaogopa kuifikiria, akaendelea.

Mchoro wa kofia nzima, ukanda na kisahani, ulimalizika kabla ya adhuhuri. Akatia uzi kwenye sindano.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikwenda kwa mguu mmoja. Mwanapili alikaa mlangoni tangu mwanga unatoka mpaka unaondoka, akitoboa, akizungusha uzi, akikaza, akihamia kiua cha pili. Khatib alipika wali, ukaungua chini na kuwa mbichi juu, wakaula wote wawili na hakuna aliyelisema. Jumatatu alirudi kutoka kazini mapema, akamwona mkewe anavyojigeuzageuza juu ya sakafu kwa maumivu ya kiuno. Akauvua mfuko wake wa kazi begani, akatoa kile kipande cha sponji anachopigia magoti akitandika marumaru, akakikung'uta vumbi.

"Kalia hiki."

"Na wewe kesho utapigia nini magoti?"

"N'na magoti ya akiba," alisema Khatib.

Majirani waliopita walisimama kidogo, wakatazama, wakasema Mungu akujaalie. Bi. Sichana hakuwa mmoja wao. Bi. Sichana alipita na sinia kichwani na kusema, "Mwanapili, safari hii usije ukamshonea mwanasesere." Mwanapili hakuinua kichwa. Lakini alicheka, na sindano haikukosea.

Jumatano, jua limeanza kuelekea magharibi, viua vya mwisho viliisha na kofia ikaunganishwa. Ilibaki kufuliwa, kutiwa wanga na kuanikwa juu ya bakuli lililopinduliwa. Khatib aliichukua kwa ncha za vidole, akaizungusha.

"Hapa hujamaliza," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Baina ya hiki na hiki. Na hapa. Pako patupu."

Mwanapili alitazama. Kweli patupu palikuwa pengi. Palikuwa na mwanga bado, na uzi ulikuwapo, na kesho asubuhi nzima ilikuwa mbele yake. Vitone vichache tu, majani mawili matatu. Mkono wake ulikuwa umeshashika penseli kabla hajaamua. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote, na kwa mara ya kwanza akajua kwa nini. Aliogopa. Aliogopa akiacha mahali patupu mtu aje aseme huyu hakujua la kutia. Mtu wa sindano anayejitia kuchora ni lazima ajaze kila pembe, ili asiulizwe alikuwa anafikiri nini.

Akaichukua ile kofia kubwa, akaiweka mkekani karibu na mpya. Ile kubwa ilikuwa na kazi ya miezi ndani yake, na kila kiua kilikuwa safi, na hakuna hata karafuu moja iliyoonekana. Zilizikwa na majani na nyota. Kwenye ile ndogo ungeweza kuvihesabu vishada ukiwa upande wa pili wa njia, na kila kimoja kimeinama kwa uzito wake. Bwana Anuar alikuwa na haki. Alikuwa na haki mwaka jana na mwaka juzi. Alikosea jambo moja tu, alidhani mtu wa sindano hawezi kulijua hilo.

"Nshamaliza," alisema Mwanapili, na kuirudisha penseli kikombeni.

"Watasema ina mapengo."

"Waseme. N'letee maji ya kufulia."

*

Alkhamisi baada ya alasiri ukumbi wa Bi. Saadiya ulikuwa na wanawake kuliko Jumamosi. Kofia ya dukani ilikuwa imewekwa mezani ndani ya mfuko wake. Mwanapili aliifungua kanga yake, akaitoa kofia yake, ngumu kwa wanga na nyeupe. Akampa Ismail mkononi. Safari hii hakumvisha mwenyewe.

Ismail akaivaa. Ilikaa.

Bi. Sichana aliuweka ungo chini, akasogea, akamzunguka mpwawe hatua kwa hatua.

"Mbona hii ina mapengo?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Mwanapili.

"Umeishiwa na uzi?"

"Uzi upo. Sikutaka kutia kitu."

Ismail alikuwa ameshaondoka pale. Alikwenda kwenye kioo cha kabati, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akasogea karibu. Alikaa hapo kiooni muda mrefu kuliko inavyompasa mwanamme mbele ya shangazi zake, na Mwanapili akawa anahesabu pumzi zake mwenyewe.

"Vaa na hii nyengine, tuone," alisema Bi. Saadiya.

Akaivaa ya dukani. Ilimpendeza pia. Mwanapili aliona kwamba inampendeza na hakujidanganya.

"Hii nzuri," alisema Ismail, akaivua kwa adabu na kuirudisha mfukoni mwake. "Lakini hii nshaiona vichwani kwa watu. Ile sijaiona kokote." Akaichukua ile ya karafuu, akaivaa tena, na hakuivua. "Mama, Bwana Anuar si atairudisha yake?"

Bi. Saadiya alimwendea Mwanapili, akamshika uso kwa viganja viwili, na machozi yakamtoka mwanzo yeye, mwenye harusi.

"Haya, angalau kichwa kitapata upepo," alisema Bi. Sichana, akarudi kwenye mchele wake. Baada ya kitambo, bila kumwangalia mtu, akaongeza, "Karafuu zenyewe unataka kuziokota."

*

Ndoa ilifungwa msikitini Ijumaa baada ya sala, na wanawake hawakuwapo. Mwanapili alikuwa kwa Bi. Saadiya, mikono imo kwenye masufuria ya pilau, na hakuiona kofia yake ikiingia msikitini wala ikitoka. Ilimbidi angoje mpaka jioni, Khatib aliporudi nyumbani na kipande cha halua ndani ya karatasi. Alivua viatu. Akakaa kitandani. Akala halua kidogo.

"Ehe?" alisema Mwanapili.

"Kaoa."

"Hilo n'najua kuwa kaoa. Kofia?"

"Wakwe waliuliza. Yule baba yake bibi harusi alimwambia Ismail, hebu inama niione. Akamshika kichwa, akakizungusha. Akauliza, kaichora nani? Ismail akasema, jirani yetu, mumewe ndiye yule pale." Khatib akaikunja karatasi ya halua. "Wakanigeukia wote. Halafu wakaniangalia kichwani."

Akaivua ile kofia yake ya mashine, akaiweka gotini.

Mwanapili alitazama kofia ile, na uso ukamshuka. Miaka ishirini na kitu, kofia zote zile zimetoka ndani ya nyumba hii kwenda kukaa vichwani kwa watu, na hajamshonea mumewe hata moja. Siku zote ilikuwa kazi ya watu inangoja, na Khatib hakuomba.

"Hawakusema kitu," alisema Khatib. "Watu wazima wale. Bwana Anuar naye alikuwapo. Aliitazama kofia ya Ismail tangu tunakaa mpaka tunaondoka. Kanambia nikwambie, ukipata nafasi upite dukani. Na uje na penseli."

"Kasema hivyo? Penseli?"

"Kasema hivyo."

Mwanapili alikaa chini. Akabaki anatabasamu peke yake akitazama maboksi chini ya kitanda. "Nikipata nafasi," alisema mwisho, ila wote wawili walijua kwamba Jumamosi asubuhi atakuwa wa kwanza mlangoni.

Khatib alikuwa ameinuka. Alikwenda kwenye bakuli dirishani ambako ile kofia kubwa ilikuwa imekaa tangu jana, akaichukua, akaivaa bila kuuliza. Haikupita nyusi. Haikugusa masikio. Ilikaa juu ya kichwa kile kikubwa kipimo chake sawasawa.

"Vua hiyo," alisema Mwanapili. "Imejaa mno. Haina pa jicho kukaa."

"Na kichwa changu kimejaa. Tumepatana."

"Baba Faiza, hiyo ni ya kichwa cha Ismail na nywele zake. Yako n'takuchorea mwenyewe. Kaa hapa."

Khatib akakaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, mzito na mtiifu, kofia kubwa ameishika mkononi asije akanyang'anywa. Mwanapili akatafuta uzi wa kupimia, akamzunguka kwa nyuma. Nywele zilikuwa zimejaa kisogoni na kuchanganyika na mvi alizokuwa hajaziona. Aliziweka sawa kwa kiganja, akauzungusha uzi, vidole vikaanza kufunga fundo. Akasita. Akaufungua uzi na kuuzungushia kidoleni.

"Kesho," alisema. "Kanyoe kwanza."